CD za korali zinakufa kabatini, na wanaokataza kopi ndio wanaozizika

BUTEMBO – Ukimwomba kiongozi wa korali katika mji huu akuonyeshe CD yao ya kwanza, ile waliyorekodi zamani wakati kila parokia na kila kanisa lilikuwa linakimbilia studio, majibu huwa mawili. La kwanza: “CD iko kwa prezidenti, lakini inakatakata.” La pili: “Sisi haturuhusu kopi, watu watatuibia.” Mara nyingi majibu hayo yanatoka katika kinywa kimoja, na mwenye kuyatoa haoni kwamba la pili ndilo lililozaa la kwanza.

CD inakatakata kwa sababu ni moja tu. Imepigwa kwenye redio ya nyumbani, ikapelekwa kwenye harusi, ikatoka harusini ikaenda matangani, ikaazimwa na mtangazaji, ikarudi bila kasha, ikalala juu ya meza karibu na dirisha. Hakuna chombo kinachovumilia maisha ya namna hiyo. Kama kopi tatu zingefanywa siku ile CD ilipotoka studio, leo hii hakuna ambaye angekuwa analia.

Hili si jambo la wapenda muziki peke yao. Tangu Oktoba 2014, mauaji katika eneo la Beni yamesukuma familia kutoka Eringeti, Mbau, Kainama na vijiji vingi vya kando ya barabara hiyo kuelekea Oicha, Beni-mji na Butembo. Mwisho wa Juni 2024, Kanyabayonga ilipoanguka mikononi mwa M23, wakaaji wa kusini mwa Lubero nao walichukua njia ya kupanda kaskazini. Korali za vijiji hivyo zimetawanyika. Msoprano yuko Butembo kwa shangazi yake, mpiga gitaa yuko Uganda, mwalimu wa nyimbo amezikwa. Kitu pekee kinachoshika sauti zao pamoja ni sahani ya plastiki yenye upana wa sentimita 12. Na sahani hiyo, kama ilibahatika kutolewa nyumbani siku ya kukimbia, ilitoka ndani ya mfuko wa nguo, katikati ya sufuria na kitambulisho cha uchaguzi.

Watu wanajidanganya kuhusu CD, na uongo huo una chanzo. CD zilipoingia sokoni mwaka 1982 huko Japani, ziliuzwa kama kitu kisichozeeka, tofauti na kaseti inayokula utepe na sahani nyeusi inayolia kama mafuta ya kukaanga. Kwa CD ya kiwandani kulikuwa na ukweli ndani ya maneno hayo, maana muziki wake umekandamizwa ndani ya plastiki kama muhuri. Lakini korali nyingi za Butembo na Beni hazikupeleka kazi yao kiwandani. Studio ilichukua sahani tupu kutoka dukani, ikazichoma moja moja kwenye kompyuta, au “ikagrava” kama vijana wanavyosema. Sahani ya kuchoma haina muhuri. Ina rangi nyembamba sana inayopigwa na mwanga wa leza, na alama za leza hiyo ndizo wimbo wenyewe. Rangi hiyo inaogopa jua na joto kama vile kitambaa kibichi kinavyopauka kwenye kamba. Sahani ya bei ya chini iliyokaa miaka kumi chini ya bati inaweza kuwa imekufa bila kuwa na mkwaruzo hata mmoja. Ukiitazama inang'aa. Ukiiweka kwenye mashine, mashine inasema hakuna kitu ndani.

Yule mzee wa kanisa anayesema “CD yetu ni nzima, haijawahi kuguswa” basi hajasema lolote. Kutoguswa si ulinzi. Aipige leo, wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho, asikilize kwa masikio yake, halafu aseme.

Kuna kosa lingine ambalo karibu kila nyumba inalifanya. Watu wanalinda upande wa chini unaong'aa na kuuacha upande wa juu wenye maandishi. Ni kinyume. Upande wa chini, leza inapita ndani ya plastiki yenye unene wa zaidi ya milimita moja kabla ya kufika kwenye muziki. Mkwaruzo wa hapo mara nyingi unaweza kusafishwa au kung'arishwa. Upande wa juu, chuma kinachorudisha mwanga kimefunikwa na vanishi tu. Kalamu ya biki ikiandikwa kwa nguvu hapo inakata wimbo. Karatasi yenye gundi, ile ambayo korali zilipenda kubandika ikiwa na picha ya watu thelathini waliovaa kitenge kimoja, ikianza kubanduka inaondoka na chuma chenyewe. Inua CD juu dhidi ya taa: ukiona vitobo vya mwanga, pale hakuna muziki tena, na hakuna dawa ya meno wala ndizi wala nta itakayourudisha.

Tukisema dawa ya meno, isidharauliwe kabisa. Kwa mkwaruzo mdogo wa upande wa chini inasaidia kwa sababu inasugua plastiki taratibu. Lakini isuguliwe kutoka katikati kwenda nje, kamwe si kwa kuzungusha. Muziki umeandikwa kwa mzunguko. Mkwaruzo unaokata njia kama barabara inayovuka mto, mashine inaweza kuuruka, maana CD imetengenezwa ikiwa na hesabu za kujaza pengo la karibu milimita 2.5. Mkwaruzo unaofuata njia ya mzunguko unakula muziki mfululizo na hesabu hizo zinashindwa. Wale wanaosugua CD kwa shati kwa kuzungusha, kama mtu anayefuta sahani ya wali, wanaharibu wanachodhani wanakisafisha.

Sasa tuje kwa redio, kwa sababu huko ndiko madhara makubwa yanafanyika na ndiko hakuna anayethubutu kusema. Redio za Butembo, Beni na Oicha zimefanya kazi ambayo hakuna serikali iliyofanya. Zimetangaza majina ya watoto waliopotea, zimeambia watu wakati wa Ebola, kati ya Agosti 2018 na Juni 2020, namna ya kujilinda, zimepiga nyimbo za Kinande wakati wengine wanaona ni aibu kuzipiga. Heshima hiyo ni yao. Lakini heshima haifuti swali: CD ambazo korali zilileta kwa miaka yote hiyo ziko wapi?

Namna zinavyopotea inajulikana na kila aliyepita kwenye studio ya redio ya mtaa. Korali inaleta CD moja, mara nyingi ile ile ya pekee, ili ipigwe Jumapili. Mtangazaji anaihamisha kwenye kompyuta kwa MP3 ya chini ili isijaze nafasi. CD inaingia kwenye boksi. Boksi linahama ofisi mara tatu. Kompyuta inapigwa na virusi vilivyoingia kwa flashi ya mtu, au moto unakuja kwa nguvu baada ya kukatika na unachoma diski. Mtangazaji anaondoka kwenda kituo kingine na kubeba nyimbo kwenye kompyuta yake, kama vile ni nguo zake. Mwaka unaofuata korali inaomba CD yake na inaambiwa iandike barua. Hakuna mwizi hapa, na hakuna mtu mbaya. Kuna uzembe tu, na uzembe umeondoa nyimbo nyingi kuliko wizi.

Redio inayopokea CD bila daftari la kuandika nani ameleta, siku gani, na kopi imewekwa wapi, isiite chumba kile diskoteki. Ni stoo.

Studio nazo zisijifiche nyuma ya redio. Studio ndiyo ilikuwa na kazi kamili: sauti ya kila mwimbaji, ngoma peke yake, gitaa peke yake, kabla ya kuchanganywa. Disko la kompyuta lilipojaa, kazi ya korali ya kijiji ilifutwa ili kutoa nafasi kwa msanii aliyelipa jana. Mteja hakuulizwa. Mtu akipeleka shamba lake kupimwa, mpimaji hachomi ramani kwa sababu kabati limejaa.

Lakini mzizi wa tatizo uko kwa korali zenyewe, na hapa ukweli utawauma baadhi ya watu wazuri. Hofu ya kukopiwa imekuwa kama dini. Korali ilitumia pesa za michango, ikauza CD kwenye kihafla cha uzinduzi, ikaona baada ya wiki mbili vijana wenye kompyuta kando ya barabara wanajaza nyimbo zilezile kwenye kadi za simu. Uchungu huo ni wa haki. Jasho lao liliuzwa na wengine. Tangu siku hiyo uamuzi ulikuwa: hakuna kopi, CD ikae kwa prezidenti, ifungwe.

Uamuzi huo haukumzuia mwizi hata siku moja, maana mwizi alikuwa na nyimbo tayari. Uliowazuia ni wanakorali wenyewe. Katekista hana kopi. Mtunga nyimbo hana kopi. Familia ya mwimbaji aliyefariki haina kopi. Prezidenti akihamia Goma, au nyumba ikiungua, au vita ikifika mlangoni usiku, korali yote inabaki bubu. Na hapa kuna kichekesho kichungu: leo ukitaka kusikia nyimbo za baadhi ya korali hizo, mahali pa kuzipata ni kwenye simu ya mtu aliyezinunua kwa yule yule kijana wa kando ya barabara. Mwizi ameziokoa. Ameziokoa vibaya, kwa sauti iliyobanwa, majina ya nyimbo yamekuwa “Track 03”, jina la korali halipo kabisa. Lakini ndiye peke yake aliyefanya kopi.

Kopi ya akiba na kopi ya kuuza ni vitu viwili, na kuvichanganya ni ujinga unaogharimu. Sheria ya nchi ipo: sheria-amri namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986 inalinda haki za watunzi, na tangu 2011 kuna SOCODA kwa ajili ya kazi hiyo. Mwenye wimbo ni mwenye wimbo. Ndiyo maana ni yeye anayepaswa kuwa wa kwanza kukopi, halafu kusema kwa maandishi: kopi hii iko parokiani kwa kutunzwa, isiuzwe, isipewe mtu bila ruhusa ya korali. Karatasi moja, sahihi mbili, muhuri. Wanakorali wanajua kuandika karatasi ya deni la mahindi. Hii haishindi ile.

Wengine watasema nani atahangaika na nyimbo za kijiji. Walihangaika watu wa mbali, na zamani. Mnamo 1935 na 1936 msafara wa Armand Denis na Leila Roosevelt ulipita katika Kongo ya Wabelgiji na kurekodi, kati ya mengine, baragumu za Wapere, watu wa magharibi mwa Lubero. Mwaka 1952 Hugh Tracey kutoka Afrika Kusini alifika ukingoni mwa msitu wa Ituri na mashine yake akarekodi Wabira, Wabudu, Wambuti na pia Wanande. Rekodi zake zinatunzwa katika maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha mwaka 1954, ambayo leo iko Chuo Kikuu cha Rhodes, na za Wanande zimekwisha kutolewa kwenye CD na kampuni ya Ulaya.

Fikiria maana yake. Wimbo wa Wanande wa mwaka 1952 unasikika vizuri leo, miaka zaidi ya sabini baadaye, kwa sababu mgeni aliutunza, akaukopi, akauandikia mahali na jina la kabila. Wimbo wa korali ya Mbau uliorekodiwa mama zetu wakiwa wazima, kwa Kinande cha nyumbani, haupatikani. Watoto waliozaliwa katika familia za kupokea huko Butembo watamsikia babu wa babu yao kutoka Afrika Kusini, na mama yao hawatamsikia.

Uganda, ng'ambo tu ya Kasindi, walikuwa na shida kama hiyo wakaanza kuitatua. Rekodi ambazo Klaus Wachsmann alizifanya huko karibu na mwaka 1950 zilikuwa London; kopi zake zimerudishwa na kuwekwa Chuo Kikuu cha Makerere, katika hifadhi ya muziki yenye jina lake. Kurudisha kopi kuliwezekana kwa sababu kulikuwa na kitu cha kukopi. Butembo ina vyuo vikuu, ina UCG tangu mwisho wa miaka ya 1980, ina wanafunzi wa informatiki wanaotafuta mada ya kumalizia masomo. Kabati moja na kompyuta moja vingekuwa mwanzo. Inashangaza kwamba mji unaoweza kuleta kontena kutoka Guangzhou mpaka Butembo, kwa bahari, kwa Mombasa, kwa mpaka wa Kasindi na barabara ya matope, unasema kuhifadhi nyimbo ni kazi ngumu.

Vijana wana jibu lao: “Tutaweka YouTube.” Waweke, ni vizuri, ndugu walioko Kampala na Ulaya watasikia. Lakini YouTube si kabati la korali. Inabana sauti, akaunti inafungwa, neno la siri linasahaulika na kijana aliyeifungua ameoa na kuhamia Bunia. Tena wakaaji wa hapa wana sababu ya kukumbuka: kuanzia Desemba 31, 2018 intaneti ilikatwa nchi nzima kwa karibu wiki tatu, wakati Beni na Butembo tayari walikuwa wamenyimwa kupiga kura ya tarehe 30. Kitu ambacho mtu wa mbali anaweza kukizima, si cha kuitwa akiba. Na kwa familia iliyo chini ya turubai huko Oicha, megabaiti za kusikiliza wimbo mmoja zinashindana na chumvi.

Lipo pingamizi moja ambalo ni zito kuliko yote, na linasemwa na watu wenye haki ya kulisema. Watu wanachinjwa. Januari 15, 2023 bomu lililipuka ndani ya kanisa huko Kasindi, Jumapili, watu wakiwa kwenye ibada ya ubatizo. Septemba 2025 huko Ntoyo, Lubero, waliokuwa wamekusanyika matangani waliuawa, zaidi ya 60 usiku mmoja. Katika hali hiyo, nani ana uso wa kuzungumzia CD?

Wenye uso huo ni waliohama wenyewe. Matanga yanapofanyika mbali na nyumbani, bila kaburi la babu karibu, bila shamba, watu wanauliza kama kuna mtu mwenye wimbo wa kule. Wanauliza wimbo kwa jina. Ukiletwa na ukaanza kukatakata kwenye ubeti wa pili, chumba kizima kinasikia kitu kingine kinachopotea, na aliyekuwa ameshaacha kulia anaanza tena. Hakuna kilo ya unga itakayopungua kwa sababu korali imefanya kopi. Hakuna askari atakayeondolewa kwenye barabara ya Mbau. Anayesema “tungoje amani kwanza” anasahau kwamba rangi ndani ya CD haingoji, na kwamba ngoja-ngoja hii imeanza mwaka 2014.

Basi kazi yenyewe ifanyweje, na nani? Si kazi ya wataalamu. Anahitajika kijana mmoja mwenye subira, kompyuta yenye mlango wa CD, au msomaji wa nje wa USB kwa kompyuta mpya zisizo na mlango huo. Wasomaji hao bado wanapatikana madukani; haijulikani kwa miaka mingapi, kwa sababu watengenezaji wengi wameacha. Redio nyingi za nyumbani pia sasa zinaletwa na tundu la flashi peke yake. Siku mashine ya mwisho ya kusoma itakapokufa, CD nzima na CD iliyovunjika zitakuwa na thamani moja.

CD ioshwe kwanza kwa maji safi na sabuni kidogo, ikaushwe kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda nje. Isomwe kwa mwendo wa polepole. Kwa CD inayokatakata kuna programu za bure kama Exact Audio Copy, ambazo zinarudia kusoma mahali pabaya mara nyingi na mwishoni zinataja mahali palipo na kasoro. Inaweza kuchukua usiku mzima kwa wimbo mmoja, na moto ukikatika unaanza upya, lakini inaleta kile ambacho redio imeshindwa kukileta. Mashine moja ikikataa, ijaribiwe nyingine. Leza hazifanani, na kompyuta ya zamani iliyodharauliwa mara nyingi inasoma kilichoishinda mpya.

Muziki uhifadhiwe kwa WAV au FLAC, usibanwe kwa MP3. Saa moja ya muziki kwa WAV ni zaidi kidogo ya megabaiti 600. Flashi ya gigabaiti 32 inabeba CD hamsini hivi, na kwa FLAC karibu mara mbili. Korali zote za parokia moja zinaingia kwenye kitu kidogo kuliko kidole. MP3 itoke baadaye, kwa simu za watu. Anayechukua MP3, akaichoma kuwa CD, halafu akaitoa tena kuwa MP3, anapoteza sauti kila mara, kama fotokopi ya fotokopi ya cheti cha kuzaliwa.

Kisha kopi ziwe tatu, na zisilale nyumba moja. Moja parokiani au ofisini kwa kanisa, moja kwa familia ya mwanakorali katika mji mwingine, Butembo kwa wale wa Beni na Beni kwa wale wa Butembo, umbali ambao hata haufiki kilomita 60. Ya tatu kwa ndugu aliye nje ya jimbo. Flashi peke yake haitoshi: ikikaa miaka bila kuchomekwa inaweza kusahau ilichobeba, na soko lina flashi za uongo zilizoandikwa gigabaiti 64 na ndani hazifiki nne. Ijazwe yote na kusomwa tena kabla ya kuaminiwa. Kila mwaka, siku ya sikukuu ya korali, mtu azifungue zote na kusikiliza.

Na maandishi. Faili isiitwe “Track 03”. Iandikwe jina la wimbo, korali, kijiji, mwaka, mtunzi, waliopiga vyombo. Hii ndiyo sehemu ambayo haiwezi kuahirishwa hata wiki moja, kwa sababu habari hizo haziko kwenye CD. Ziko kichwani mwa papa na mama fulani wenye umri mkubwa, ambao wengine wao wamelala leo kwenye darasa la shule. Kijana mwenye simu akae nao, apige wimbo, aulize: huyu anayeimba peke yake ni nani?

Pesa ya yote haya ni ndogo kuliko kitenge cha sare cha korali moja. Redio zianze na maboksi yao: zifungue, zihesabu, zitangaze hewani majina ya korali ambazo CD zao zipo, na wenyewe waje na kitambulisho na flashi. Wenye studio watafute diski zao za zamani kabla ya kuziuza kama chuma chakavu.

Kwa familia zenye CD iliyopasuka, hata ufa mdogo karibu na tundu la katikati: isiwekwe kwenye mashine yoyote kwa kujaribu. Ikizunguka kwa kasi ndani ya kompyuta inaweza kupasuka vipande na kuvunja leza pia. CD ilazwe kwenye kasha gumu, mbali na bati, na ipelekwe kwa mtu anayeweza kuisoma kwa mwendo wa chini kabisa, mara moja tu, akiwa tayari kurekodi tangu sekunde ya kwanza.